Imeli za Kitapeli: Jicho Peke Yake Halitoshi

Karibu kila mwenye simu Dar es Salaam amewahi kupokea ujumbe huu: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja…" halafu jina la mtu asiyemfahamu. Wengi huufuta papo hapo. Lakini ujumbe huo hutumwa kwa mkupuo, na siku yoyote miongoni mwa wapokeaji wamo wanaodaiwa kodi ya chumba, ada ya mtoto au hela ya fundi, na wanasubiri kutajiwa namba. Kwao ujumbe umefika wakati wake. Yatazame pia hayo maneno "jina litakuja". Simu inapokuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri, inakupa nafasi ya mwisho ya kushtuka. Tapeli amekwisha kuuzima mshtuko huo kabla haujatokea.

Imeli ya kitapeli inafuata kanuni hiyohiyo, ila inaingia ofisini kwenye hesabu kubwa zaidi. Inamkuta mhasibu wa wakala wa forodha pale Posta anasubiri ankara ya meli. Inamkuta mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeagiza mzigo Guangzhou, ametanguliza asilimia 30 na bado anadaiwa 70. Inamkuta mhitimu aliyetuma maombi ya kazi kila mahali na kila asubuhi anafungua simu akitafuta jibu.

Ushauri wa zamani ulikuwa kutafuta makosa ya kisarufi na nembo iliyofifia. Ushauri huo umepitwa na wakati. Programu za akili unde huandika Kiingereza kilichonyooka na Kiswahili kinachosomeka vizuri, na nembo hunakiliwa moja kwa moja kutoka kwenye tovuti halisi. Anayetegemea jicho atazitambua nyingi, lakini ipo siku atakuwa amechoka, ana haraka, bosi amemsimamia, na siku hiyo moja inatosha kumaliza akiba ya kampuni. Kwa hiyo makala haya yanaeleza namna ya kutazama, lakini uzito wake uko kwenye taratibu zinazokulinda hata pale jicho linapokosea.

Jina la mtumaji si ushahidi

Kanuni za kiufundi zinazosafirisha imeli, ziitwazo SMTP, ziliandikwa mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara chache zilizoaminiana. Hazikuwekewa njia ya kumhakiki mtumaji. Ni kama bahasha ya posta: nyuma yake unaweza kuandika jina lolote na sanduku lolote, na bado itafika.

Kila imeli ina jina linaloonekana na anuani yenyewe. Jina hujazwa na mtumaji apendavyo. Mtu yeyote anaweza kufungua akaunti ya bure ya Gmail, akajiita kwa jina la mkurugenzi wako, na kwenye simu utaona jina hilo tu, kwa sababu programu nyingi za simu huificha anuani ili kuokoa nafasi. Gusa jina la mtumaji, anuani itafunguka. Isome herufi kwa herufi. Herufi r na n zikikaa pamoja husomeka kama m, namba 1 hukaa mahali pa l, na kistari huongezwa katikati ya jina la kampuni ili kuunda anuani mpya inayofanana na ya zamani. Tazama pia anuani ya kujibu, kwa maana imeli inaweza kuonyesha anuani moja lakini ukibonyeza "jibu" ikaelekea kwingine kabisa.

Baadaye ziliongezwa hakiki tatu juu ya utaratibu huo wa 1982. SPF hutaja ni seva zipi zinaruhusiwa kutuma imeli kwa jina la kikoa fulani, yaani ile sehemu ya anuani inayofuata alama ya @. DKIM hutia saini ya kidijiti kwenye ujumbe. DMARC huieleza seva inayopokea ifanye nini hakiki hizo zikishindwa. Kwenye Gmail ya kompyuta, bonyeza vidoti vitatu vya ujumbe, chagua kuonyesha ujumbe asili, na juu kabisa utaziona zote tatu zikiwa na PASS au FAIL. FAIL kwenye imeli inayodai kutoka benki ni sababu tosha ya kuiacha. PASS haina uzito huo: inathibitisha tu kwamba ujumbe umetoka kwenye kikoa kilichoandikwa. Tapeli aliyesajili kikoa chake mwenyewe kinachofanana na cha benki atapata PASS zote tatu bila shida.

Kiungo husomwa kutoka nyuma

Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata wasomi, kwa kuwa tumezoea kusoma kutoka kushoto. Chukua mfano huu wa kubuni:

https://tra.go.tz.uhakiki-kodi.com/ingia

Jicho linaona tra.go.tz na kutulia. Kompyuta haisomi hivyo. Ruka ile https:// ya mwanzo, tafuta mkwaju (/) wa kwanza unaofuata, kisha rudi nyuma kutoka hapo. Kinachopakana na mkwaju huo ndicho mwenye mali: uhakiki-kodi.com. Yote yaliyotangulia ni mapambo ambayo mwenye kikoa hicho anaweza kuyaandika atakavyo. Kwa anuani za Tanzania hesabu sehemu tatu za mwisho, maana .go.tz, .co.tz, .or.tz na .ac.tz huhesabiwa pamoja. Kwa hiyo tra.go.tz ni halisi pale tu inapopakana na mkwaju, au inapokuwa mwisho wa anuani.

Kuna hila nyingine ya alama ya @. Kwenye https://tra.go.tz@uhakiki-kodi.com kila kilicho kabla ya @ huchukuliwa kama jina la mtumiaji, na kivinjari kinakupeleka kwenye uhakiki-kodi.com.

Kwenye kompyuta weka kishale juu ya kiungo bila kubonyeza, anuani itatokea chini ya dirisha. Kwenye simu shikilia kiungo mpaka anuani ionekane. Viungo vilivyofupishwa havionyeshi mwisho wa safari, na msimbo wa QR ndani ya imeli ni kiungo kilichogeuzwa picha, hivyo hupita vichujio vingi vinavyosoma maandishi tu. Hakuna sababu ya msingi kwa benki kukutumia QR ya "kuhakiki akaunti". Kikoa cha .go.tz hutolewa kwa taasisi za serikali peke yake, na hiyo ni dalili njema, ingawa tovuti halali nayo inaweza kuvamiwa na kuwekewa ukurasa wa wizi ndani yake.

Kufuli kwenye kivinjari lisikuhadae. Lina maana kwamba mawasiliano kati yako na tovuti hiyo yamefichwa wasiyasome wengine. Halisemi mwenye tovuti ni nani. Vyeti vyake hutolewa bure, na matapeli nao wanavyo. Google iliiondoa alama hiyo kwenye Chrome mwaka 2023 kwa sababu hiyohiyo, kwamba watu waliipa maana isiyo yake.

Mwezi Machi 2016 John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya urais ya Hillary Clinton nchini Marekani, alipokea imeli iliyojifanya ya Google, ikimwambia abadili nywila. Wasaidizi wake walifanya jambo sahihi, wakaiuliza timu ya kompyuta. Jibu lilikuja kwamba imeli ni halali, na aliyejibu akaeleza baadaye kwamba alikusudia kuandika kinyume chake. Kinachosahaulika ni kwamba ndani ya jibu hilo kulikuwa na anuani halisi ya Google ya kubadilishia nywila. Kilichobonyezwa ni kile kiungo cha mwanzo. Ndiyo maana njia iliyo salama kuliko kuchunguza kiungo ni kutokitumia: funga imeli, fungua kivinjari, andika mwenyewe anuani unayoijua au tumia programu ya benki iliyomo kwenye simu. Kama akaunti yako kweli ina tatizo, utalikuta humo.

Kwa anayetafuta kazi kanuni ni hiyohiyo. Tangazo la ajira serikalini litafute mwenyewe kwenye portal.ajira.go.tz. Maombi huko hayalipiwi, kwa hiyo imeli inayodai ada ya usaili, ya fomu au ya kuhakiki vyeti imejifichua yenyewe.

Kuhusu viambatisho: ankara ya kawaida huja kama PDF. Faili la .html linalofunguka na kudai nywila ni ukurasa wa wizi uliofungwa ndani ya imeli. Mafaili ya .zip, .iso na .lnk usiyaguse kama hukuyaomba. Matapeli waliyageukia zaidi baada ya Microsoft, mwaka 2022, kuanza kuzuia makro, yaani programu ndogo zinazojificha ndani ya faili, kwenye mafaili ya Word na Excel yanayotoka mtandaoni. Likija faili la zamani linalokuomba ubonyeze "ruhusu maudhui", lifunge.

Akaunti ya benki imebadilika

Huu ndio wizi unaofilisi biashara, na mara nyingi hauna kiungo wala kiambatisho kibaya. Idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilipokea kwa mwaka 2023 pekee malalamiko ya hasara ya takriban dola bilioni 2.9 kutokana na udanganyifu wa malipo kupitia imeli za biashara.

Hatua yake ya kwanza hufanyika kimyakimya. Tapeli anapata nywila ya imeli ya upande mmoja, wako au wa msambazaji wako, kisha habadilishi chochote. Anasoma. Anajua mzigo ni wa thamani gani, kontena linapakiwa lini, nani huidhinisha malipo, na kwamba bosi humwita mhasibu kwa jina gani. Anaweka kichujio ndani ya sanduku la imeli ili ujumbe wenye maneno kama "malipo" au "ankara" uhamie kwenye folda isiyofunguliwa na mtu. Siku ya malipo ikikaribia, mara nyingi Ijumaa mchana, inakuja imeli ndani ya mazungumzo yaleyale, yenye ankara ileile na saini ileile: akaunti yetu ya zamani inakaguliwa, tafadhali lipa kwenye hii mpya.

Hapo hakuna jicho litakalosaidia. Kama imeli imetoka kwenye sanduku halisi la msambazaji, anuani ni sahihi na hakiki zote zinasema PASS. Wala usitegemee benki itagundua kwamba jina na namba ya akaunti havilingani, maana uhamisho wa fedha wa kimataifa mara nyingi hukamilishwa kwa kufuata namba ya akaunti. Tusidhani pia kwamba wanaoibiwa ni wasiojua kompyuta. Kati ya 2013 na 2015 raia wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alisajili kampuni yenye jina sawa na la msambazaji wa Taiwan, Quanta Computer, akatuma ankara za uongo, na Facebook na Google zikalipa jumla ya zaidi ya dola milioni 100. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitano mwaka 2019.

Kinga ni sentensi moja inayopaswa kubandikwa ukutani kwenye chumba cha uhasibu: akaunti ikibadilika, hela haitoki mpaka mlipwaji amepigiwa simu kwa namba iliyokuwa kwenye faili letu kabla ya imeli hiyo kufika. Usitumie namba iliyo ndani ya imeli, wala chini ya saini yake. Wewe ndiye upige. Ukipigiwa hujahakiki kitu, kwa sababu siku hizi hata sauti huigizwa. Muulize anayepokea akutajie mwenyewe namba mpya ya akaunti. Ukimsomea wewe, ataitikia tu "ndiyo, ndiyo" bila kuisikiliza. WhatsApp inafaa iwapo namba ni ileile ya siku zote, na kupiga ni bora kuliko kuandika, kwa kuwa akaunti za WhatsApp nazo hutekwa. Malipo yanayovuka kiwango mlichokubaliana yaandaliwe na mtu mmoja na kuidhinishwa na mwingine.

Kuna kikwazo kimoja ambacho hakihusu teknolojia. Kwenye ofisi zetu karani kijana hampigii mkurugenzi simu kumuuliza kama kweli ameandika alichoandika. Anaona ni utovu wa adabu. Tapeli anaijua heshima hiyo na anaitumia, ndiyo maana imeli yake husema "niko kwenye kikao, usinipigie, lipa sasa hivi". Mkurugenzi mwenyewe ndiye awaambie wafanyakazi mapema, mbele ya wote, kwamba anataka kupigiwa na hatakasirika. Maneno ya kutumia yawe mepesi: "Shikamoo bosi, nimeona imeli ya malipo, nathibitisha tu kabla sijatuma." Na siku atakapopigiwa akiwa kweli kwenye kikao, ashukuru. Akifoka mara moja tu, hakuna atakayempigia tena.

Nywila ikiibiwa isitoshe

Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye imeli kabla ya akaunti nyingine yoyote, kwa sababu kwa imeli mtu anaweza kuomba nywila mpya za akaunti zako zote zilizobaki. Namba zinazokuja kwa SMS ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini hutegemea laini, na laini huweza kuhamishwa kwa udanganyifu. Programu inayozalisha namba ndani ya simu ni afadhali zaidi.

Zote mbili zina udhaifu mmoja. Kurasa za wizi za sasa hukaa katikati: unaandika nywila, ukurasa unaipeleka kwenye tovuti halisi, unaandika namba ya uthibitisho, nayo inapelekwa sekunde hiyohiyo, na tapeli anabaki ndani ya akaunti yako iliyokwisha kufunguliwa (mafundi huita hali hiyo kikao). Kinachozuia hili ni funguo za siri za kidijiti, paskii, au kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye USB. Hivi vimefungwa na kikoa halisi, na kwenye tovuti ya uongo havifanyi kazi hata mwenyewe ukitaka. Google ilieleza mwaka 2018 kwamba tangu ilipowataka wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 kutumia vifaa hivyo mapema 2017, hakuna akaunti ya kazi iliyothibitika kutekwa kwa hadaa ya aina hii. Paskii ni bure, na simu nyingi za karibuni zinazo tayari.

Programu ya kutunza nywila nayo hulinda kwa njia ambayo wengi hawaijui. Inajaza nywila pale tu kikoa kinapolingana na kile ilichohifadhi. Siku ikigoma kujaza kwenye ukurasa unaofanana kabisa na wa benki yako, usiinakili kwa mkono. Soma anuani upya.

Mwenye kampuni yenye kikoa chake, kwa mfano cha .co.tz, anaweza pia kuwakinga wateja wasitumiwe imeli kwa jina lake. Orodhesha kwanza kila kinachotuma imeli kwa jina la kampuni: seva ya imeli, mfumo wa uhasibu unaotuma ankara, huduma ya matangazo. Viingize vyote kwenye SPF, ambayo inaruhusu upekuzi usiozidi 10 wa DNS (daftari la majina ya mtandao), na ukizidi, hakiki nzima inashindwa. Washa DKIM kwa kila kimoja. Kisha weka rekodi ya DMARC ikiwa na p=none (tazama tu), soma ripoti kwa wiki kadhaa, hamia quarantine (weka kando), halafu reject (kataa kabisa). Wanaoruka moja kwa moja hadi reject hugundua kwamba ankara zao wenyewe haziwafikii wateja. Biashara inayotumia anuani za bure za Gmail kwa ankara haina hata mlango huu, na inawazoeza wateja kuamini Gmail yoyote yenye jina lake.

Umekwisha kubonyeza

Kubonyeza tu, bila kuandika chochote wala kufungua faili, mara nyingi hakuleti madhara. Funga ukurasa na utoe taarifa. Kama umeandika nywila, saa inahesabu. Tumia kifaa kingine kubadili nywila, kisha toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kwani kikao kilichoibiwa kinaweza kuendelea kuwa hai hata baada ya nywila kubadilika. Ingia kwenye mipangilio ukague vichujio, anuani za kusambazia imeli, namba na imeli ya kurejesha akaunti, na programu za nje zilizopewa ruhusa. Kusahau vichujio ndilo kosa la kawaida kuliko yote: mtu anabadili nywila, anapumua, na imeli zake zinaendelea kunakiliwa kwa tapeli. Kama nywila hiyo uliitumia kwingine, badilisha huko pia. Kisha wapigie unaofanya nao malipo, wasipokee maelekezo mapya kwa jina lako.

Hela ikiwa imetoka, pigia benki dakika hiyohiyo, kabla ya kikao cha ndani na kabla ya kutafuta wa kulaumiwa. Omba kitengo cha udanganyifu, taka uhamisho usitishwe na benki ya mpokeaji itumiwe ombi la kuzuia na kurejesha. Fedha ikishahamishwa akaunti ya pili na ya tatu, uwezekano wa kuipata unapungua sana. Kama ni pesa ya simu, huduma kwa wateja ya mitandao yote ni 100. SMS za kitapeli zisambaze kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ripoti polisi; kesi kama hizi zinaangukia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Ikiwa taarifa za wateja zimevuja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaitaka kampuni kuijulisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Aliyebonyeza asigombezwe hadharani. Ofisi inayomdhalilisha mtu mmoja inawafundisha wengine wote kunyamaza, na tapeli anapata siku mbili tatu za kufanya kazi bila kusumbuliwa.

Imeli yenyewe usiifute. Picha ya skrini haina vichwa vya ujumbe vinavyoonyesha ulipita seva zipi na saa ngapi, na hivyo ndivyo wachunguzi huvitafuta. Pakua ujumbe kama faili la .eml, lihifadhi pamoja na stakabadhi ya uhamisho, uvipeleke vyote viwili benki na polisi.